Sauti ya Tano

Lifti ya jengo la madaktari ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na kwa ukorofi wake ilichagua siku ambayo kila mgonjwa wa goti mjini alikuwa na miadi ghorofa ya sita. Ukumbi wa chini ulijaa magongo, watoto wanaolia, bahasha za eksirei, na mzee mmoja mwenye kofia aliyekuwa akimweleza mlinzi kwamba yeye enzi zake alijenga majengo marefu kuliko hili na hakuna hata moja lililomtia aibu.

Milango ya lifti ilikuwa wazi, lakini ndani hapakuwa na lifti. Palikuwa na shimo jeusi tu, na mbele yake kibao cha njano kilichoandikwa HATARI, ambacho akina mama walikuwa wamekigeuza mahali pa kutundikia mikoba.

Katikati ya umati alisimama dada mmoja mwenye gauni la rangi ya chungwa, viatu vyeupe visivyo na doa, na kisanduku cha plastiki mkononi. Ndani ya kisanduku mlikuwa na meno. Si yake, yake yalikuwa kinywani, yote, tena mazuri. Alikuwa mtengeneza meno ya bandia, na asubuhi hiyo alikuwa anampelekea daktari wa ghorofa ya nne seti kamili, ya juu na ya chini, kwa ajili ya bwana mmoja aliyekuwa anamwoza bintiye na hakutaka kutokea kwenye picha akiwa amefumba mdomo kama mwenye siri.

Hapo ndipo muziki ulipotoka shimoni.

Zilikuwa fidla mbili. Ya kwanza ilipanda, ya pili ikaifuata. Ikapanda tena, ikafuatwa tena. Sauti nne, polepole, kama mtu anayepanda ngazi akidhani hakuna anayemsikia. Kisha kimya. Kisha tena, kutoka chini kule gizani: nne, zikipanda.

Mama mmoja alirudi nyuma akamkanyaga mwenye gongo. Mwenye gongo akagundua kwamba anaweza kukimbia. Mlinzi alishika rungu lake, akalitazama, akaliona fupi. Na yule mzee wa majengo marefu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika barabarani.

Dada wa meno peke yake ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka meno ya kisandukuni yakagongana.

"Koti Refu!" alisema. "Jamani, si ni Koti Refu!"

Kichwa kikachomoza shimoni. Kilikuwa na kofia ngumu, grisi shavuni, na macho ya mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Nani amesema Koti Refu?"

"Mimi."

"Unaijua?"

"Kaka, simu yako inaita."

"Acha iite. Unaijua filamu ile?"

"Nimeitazama mpaka kanda ikachakaa."

Fundi akapanda juu, ovaroli ya bluu, spana mfukoni, akasimama mbele yake kana kwamba wagonjwa wote wa magoti walikuwa maua ya ukutani. "Na ule mwisho wake!" alisema. "Mwisho ule, dada yangu!"

Dada wa meno akaweka kidole mdomoni. "Shii. Usiwaharibie wengine."

Watu wakamwona muungwana. Fundi akamwona malaika. Yeye mwenyewe alikuwa anatokwa jasho, kwa sababu mwisho wa filamu ile hakuwahi kuuona hata siku moja.

*

Koti Refu ilikuwa filamu ya kutisha ya nyeusi na nyeupe, ya enzi zile wanawake walipozimia kwa utaratibu na madaktari wakivuta sigara ndani ya chumba cha upasuaji. Mwanamke anaishi peke yake ghorofani. Mtu mwenye koti refu anamfuata: sokoni, kituoni, chini ya dirisha lake. Kila koti linapotokea, fidla zinapanda zile sauti nne. Basi.

Dada wa meno aliipata utotoni kwenye kanda ya video ya mjomba wake. Aliitazama kila likizo. Ilipofika mahali ambapo mwanamke anaingia lifti pamoja na daktari wake mpole, na lifti inakwama kati ya ghorofa mbili, na Koti Refu anaanza kupanda ngazi, picha iliruka mara moja na badala yake walitokea wanaume wawili wanene wenye chupi zinazong'aa, wakiinuana na kutupana. Mjomba alikuwa amerekodi mieleka juu yake.

Kwa hiyo mwisho aliujenga mwenyewe. Koti Refu anafika, daktari anapigana, daktari anakufa, mwanamke anapiga yowe. Muuaji gani mwingine angekuwepo? Muziki wenyewe ulikuwa umeshasema.

Alikusudia kumwambia fundi ukweli siku ya pili. Lakini siku ya pili fundi alipiga simu.

"Halo, Meno."

"Nani amekupa ruhusa ya kuniita Meno?"

"Mlinzi. Nimemuuliza, yule dada mrembo anaitwa nani, akasema, yule wa meno. Umekula?"

"Nimekula."

"Kwa yapi? Ya kisandukuni au ya mdomoni?"

"Fundi, wewe una adabu kweli?"

"Ninayo. Niliiacha shimoni, kesho nakwenda kuichukua."

Akacheka, na ukweli ukaahirishwa. Wiki ya pili walikaa kwenye benchi la bustani ya maktaba, yeye na sketi ya maua, fundi na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, wakaongea habari ya muziki ule hadi mfagiaji akawafagia miguu.

"Sikiliza alivyofanya yule mtunzi," alisema fundi. "Angeweza kupiga mangoma, matarumbeta, makelele. Yeye kachukua fidla mbili tu. Ya kwanza ni miguu ya anayekuja. Ya pili ni moyo wa anayesikia. Ndiyo maana ya pili inachelewa kidogo. Mguu unakanyaga, moyo unaruka."

"Na kwenye ile glavu," alisema dada wa meno, "glavu iliyosahauliwa kwenye chungu cha maua. Hatujaliona koti bado, lakini fidla zimeshaanza, chinichini. Muziki unajua kabla yetu."

"Eee," alisema fundi, akitazama viatu vyake. "Glavu."

"Hukuipenda?"

"Niliipenda. Glavu nzuri sana."

Kisha akaimba zile sauti nne kwa pua, akanyamaza, akamtazama midomo. Alikuwa na tabia hiyo. Aliimba nne, akasubiri kitu. Dada wa meno alicheka na kumpiga begani, kwa sababu hakujua kingine cha kufanya.

Wakapendana. Hilo halikuwa na ufundi wowote. Lilitokea kama mafua. Lakini dada wa meno hakuwa na raha. Alikuwa analala akiamka, anaamka akilala. Alimchongea mteja mmoja jino la mbele mara tatu, na mara zote lilitoka la sungura. Kila simu ilipoita alifikiri, leo ataniuliza. Ataniuliza mwisho, nitaropoka, na atajua kwamba tangu neno la kwanza mimi ni mwongo. Na mtu anayedanganya kuhusu filamu, atamwamini katika nini?

Halafu bango likabandikwa ukutani mjini kote: ukumbi wa zamani wa sinema umekarabatiwa, utafunguliwa na Koti Refu, Jumamosi alasiri.

"Meno wangu!" Fundi alipiga simu akiwa anahema. "Umeona? Tunakwenda. Lakini kabla ya Jumamosi nina jambo. Njoo jengo la madaktari baada ya kazi. Vaa lile gauni la chungwa."

Akavaa lile la chungwa.

Lifti ilikuwa imepona. Fundi alikuwa amevaa suti ya kijivu, ya kaka yake kwa jinsi mabega yalivyoning'inia, na alikuwa amenyoa mpaka ngozi ikalalamika. Wakaingia. Milango ikajifunga. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne fundi akabonyeza kitufe chekundu, lifti ikasimama. Taa ikawa inavuma kidogo.

"Nimekuwa nikijiuliza nikuulizeje," alisema. "Maneno nimeyajaribu nyumbani, yote yananuka kadi ya dukani. Nikasema, Meno ataelewa bila maneno. Yeye peke yake."

Akamshika mikono yote miwili. Akaimba zile sauti nne, polepole, kwa sauti iliyotetemeka. Akanyamaza. Akasubiri.

Dada wa meno alisubiri pia. Alingoja swali. Lifti imesimama, kama kwenye filamu. Bila shaka swali ni la mwisho wa filamu. Fundi alikuwa anamtazama midomo, na midomo yake ilikuwa imekauka kama karatasi.

"Lifti," alisema mwishowe, "imekwama?"

Fundi akaachia mikono yake, mmoja baada ya mwingine.

"Hapana," alisema. "Haijakwama."

Akabonyeza kitufe. Wakashuka. Akamtafutia teksi, akamfungulia mlango, akamtakia usiku mwema ingawa jua lilikuwa bado juu ya mabati.

*

Simu ikanyamaza. Meno hakuitwa Meno na mtu yeyote. Siku ya kwanza alijiambia fundi ana kazi nyingi. Ya pili alijiambia labda amedondokea shimoni. Ya tatu alifungasha chakula, akavaa viatu vyeupe, akaenda karakana ya akina fundi bila kuaga kazini.

Alisimama nje ya geti. Kupitia upenyo wa mabati aliona meza ndefu, mota zilizofunguliwa matumbo, vijana wanne wa ovaroli, na fundi wake amekaa juu ya tairi, mgongo umepinda. Simu yake ilikuwa mezani. Muda huohuo iliita: krii krii, kama simu ya mtu yeyote. Fundi akaipokea, akasema, "Ndiyo dada, nitapita kwa mama," akaiweka.

Dada wa meno akatabasamu. Nimfanyie mzaha, alifikiri. Akampigia pale pale getini.

Mezani zikalia fidla. Nne, zikipanda.

"Koti Refu!" vijana wakapiga kelele. "Koti Refu huyo anapiga!"

"Fundi, ingia chini ya meza!"

"Usipokee, utakufa kijana!"

"Jamani, muwe na heshima, ni shemeji," alisema mmoja, na wengine wakacheka zaidi.

Fundi hakucheka. Hakuinua simu pia. "Iacheni," alisema. "Iacheni iite tu."

Dada wa meno alikata simu. Kwa hiyo dada yake fundi anaita krii krii, na mama yake bila shaka anaita krii krii, na mimi ni muuaji. Mimi ndiye yule anayekuja na watu wanajificha. Akaweka chakula juu ya nguzo ya geti, akaondoka haraka mno hata kiatu kimoja cheupe kilipata doa lake la kwanza.

Nyumbani alimkuta mjomba wake barazani, fulana na taulo shingoni, akibishana na redio.

"Mjomba, mimi ni muuaji."

"Umemuua nani?"

"Fundi ameniwekea mlio wa muuaji kwenye simu yake. Zamani ulikuwa wa kila mtu, sasa wengine wote wana mlio wa kawaida. Mimi tu, mjomba. Wenzake wanamwambia ajifiche."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Mlio gani?"

"Wa Koti Refu."

Mjomba akazima redio, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu uchaguzi. "Ile ya kwenye kanda yangu? Sasa mbona unalia? Mwisho wake si ulikuwa mzuri?"

"Mwisho gani? Mwisho uliurekodia mieleka!"

"Mwanangu, ile ilikuwa fainali."

"Wewe uliuona mwisho wake?"

Mjomba alijikuna chini ya taulo. "Niliambiwa ni mzuri. Mimi nililala."

Kisha mjomba, kwa sauti ya mtu anayebeba lawama za miaka mingi, akasema: "Jumamosi nakupeleka. Karanga juu yangu."

*

Ukumbi ulinukia rangi mpya na mende wa zamani. Mjomba alikuwa na suruali ya kaki, koti la harusi, na mfuko wa karanga ukubwa wa mto. Dada wa meno alivaa nguo nyeusi, kwa makusudi. Hakuangalia watu. Alikaa, akafunga mikono, akawa anatikisa mguu mpaka kiti cha mbele kikalalamika.

Nusu ya kwanza aliijua kama jina lake: soko, kituo, glavu. Lakini hakuwahi kuisikia kubwa namna ile. Fidla ya pili ilipita chini ya viti na kumtekenya unyayo. Kweli ilichelewa kidogo. Mguu, moyo. Mguu, moyo. Alimkumbuka fundi, akaikasirikia fidla.

Ikafika kwenye lifti. Mwanamke na daktari mpole wakaingia, lifti ikakwama, Koti Refu akaanza kupanda ngazi. Dada wa meno alikaza macho, kwa mazoea, akingoja wanaume wanene. Hawakuja.

Daktari alivua miwani yake, akaifuta, akaiweka mfukoni. Akatabasamu. Akatoa sindano.

Hapakuwa na muziki. Hata kidogo. Na hapo dada wa meno akagundua kitu ambacho kilikuwa masikioni mwake tangu utotoni: daktari yule, filamu nzima, hakupewa sauti hata moja. Muuza maua alikuwa na wimbo wake. Hata paka alikuwa nao. Daktari alikuja kimya, akaondoka kimya, akammiminia mwanamke dawa kwenye kikombe kimya.

Na kutoka chini, ngazini: nne, zikipanda. Ghorofa nyingine: nne. Koti Refu alikuwa anakimbia sasa, na fidla zilikuwa zinakimbia naye, ya pili karibu kuishika ya kwanza. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kutafuna. Akafika, akaingiza vidole kati ya milango ya chuma, akaipasua, na daktari akajikwaa, akaangukia shimoni kimyakimya vilevile kama alivyoishi. Koti Refu akanyoosha mkono. Alikuwa kaka wa mgonjwa wa kwanza aliyeuawa na daktari yule, na alikuwa ameapa kwamba wa pili hataachwa peke yake. Mwanamke alimtazama. Fidla zikapanda nne, zikasimama.

Mwanamke akaupokea mkono. Ndipo ikaja ya tano.

Fidla zote mbili, kwa pamoja, sauti moja. Ilikuwa kama kukaa chini baada ya kusimama kutwa nzima.

Dada wa meno akaacha kutikisa mguu. Miaka yote ile muziki haukuwa unakuja kumuua mtu. Ulikuwa unakuja kumwokoa. Akaiona lifti ya jengo la madaktari, suti ya kaka mtu, mikono miwili imeshika yake, sauti nne, kimya, na macho yanayongoja midomo yake. Mtu alikuwa amemwuliza swali kubwa kuliko yote, na yeye akamwuliza habari za lifti.

"Mungu wangu," alisema. "Mjomba, nimeulizwa nikakataa bila kujua."

"Nani kafa?" alisema mjomba, akizinduka.

Dada wa meno akatoa simu. Skrini ilikuwa kimya. Mwanamke na Koti Refu walikuwa wanashuka ngazi bila muziki. Kupiga simu ndani ya sinema ni utovu wa adabu, alijua. Akapiga.

Safu chache mbele yake, gizani, zikalia fidla. Nne, zikipanda.

Ukumbi ulipiga yowe kwa sauti moja. Kuna aliyesema "Amefufuka!" Kuna aliyepanda juu ya kiti. Mjomba alirusha karanga zote hewani, zikawanyeshea safu mbili. Na sauti ya mzee mmoja, inayofanana sana na ya mjenga majengo marefu, ilisikika ikielekea mlangoni.

Mtu mmoja tu hakuruka. Alikuwa amekaa ndani ya suti ya kijivu yenye mabega makubwa, akiitazama simu inayong'aa mkononi kama mtu aliyeshika kifaranga.

Zikalia nne nyingine. Dada wa meno akasimama, akafungua kinywa, akaimba ya tano.

Hakuwa mwimbaji. Ilitoka kama bawaba inayohitaji mafuta. Lakini ilikuwa ya tano.

Fundi aligeuka. "Rudia," alisema.

"Siwezi. Watu wananitazama."

"Meno, hiyo ilikuwa ndiyo?"

"Ndiyo, Fundi! Ndiyo! Unataka niiimbe mara ngapi?"

"Mwoe, tumalizie filamu!" alisema mtu wa balkoni. Msimamizi wa ukumbi akaja na tochi, akawatoa nje wote wawili, na mjomba pamoja nao, kwa kosa la karanga.

Nje jua lilikuwa kali. Wakasimama chini ya bango, wakipepesa macho.

"Sikuwahi kuuona mwisho," alisema dada wa meno. "Kanda ilikuwa na mieleka. Nilikudanganya tangu siku ya kwanza, nikaogopa. Nilidhani umenipendea filamu."

"Nilikupendea kicheko. Watu wazima wanakimbia, wewe unacheka." Fundi alisugua kiatu chini. "Na simu yako sikuipokea kwa sababu niliogopa utasema hapana kwa maneno. Ila na mimi nina langu."

"Lipi?"

"Bibi yangu ndiye aliyenileta ukumbi huu, zamani. Bibi alikuwa anachelewa kila mahali, hata maziko. Tulipofika, lifti ilikuwa imeshakwama." Akaonyesha mlango wa ukumbi. "Leo pia nimekaa nje mpaka nikajipa moyo wa kuingia. Meno, mimi sijawahi kuuona mwanzo. Glavu siijui."

Dada wa meno alimtazama. Kisha akacheka kile kicheko cha shimoni, akacheka mpaka akamshikilia koti la kaka yake.

"Na ulisema glavu nzuri sana!"

"Niliiamini bila kuiona."

Mjomba, aliyekuwa akitafuta karanga zilizobaki mfukoni, alisema kwamba onyesho la pili linaanza sasa hivi, na kwamba yeye angependa kujua hiyo filamu inahusu nini.

Wakaingia tena. Msimamizi aliwamulika tochi usoni, akaishikilia kwa muda, akawapisha. Safari hii fundi alizima simu mbele ya mashahidi. Taa zikafifia, na skrini ikaonyesha mtaa, asubuhi, mwanamke anamwagilia maua dirishani. Ndani ya chungu cha maua kulikuwa na glavu nyeusi.

Fidla zikaanza, chinichini.

"Ndiyo hii?" fundi alinong'ona, na akamshika mkono kwa nguvu, kama mtoto. "Meno, anakuja nani?"

"Tulia," alisema. "Tazama."